Lengalenga Zenye Matundu

Nilirudi Kisangani na diploma ya kilimo kutoka Ubelgiji, na sikuacha mtu asijue. Siku baba wa mchumba wangu alipokuja kupima kama nitaweza kumlisha bintiye, nilikwenda sokoni mwenyewe. Majani ya lengalenga, mchicha wetu, yaliyonawiri niliyakataa: “Haya yamepigwa dawa!” Nikachagua yaliyotobolewa na wadudu, maana mdudu hali sumu.

“Sawa, citoyen,” muuzaji akasema, huku akizuia kicheko.

Mezani nilimpa mzee somo zima. Akainua jani bichi nililoleta kama ushahidi, akanitazama kupitia matundu yake.

“Bon, mukwe. Hapa kwetu dawa ya majani iko wapi? Haya mama wa soko anawekeaka bata wake. Na mutoto wangu, utamulisha pamoja na bata?”