Taa Niliyoichomoa Kwenye Redio ya Holi

Mie ndiye niliyeiua redio ya holi letu, Temeke. Haikuwa mvua wala waya mbovu kama nilivyowaambia watu. Ni mkono wangu huu huu ninaoandikia.

Jina sitalitaja gazetini. Lakini wenyewe wa Temeke wakisoma mistari miwili mitatu watanijua, na wanijue. Nimekosa, tena nimekosa vibaya. Ila nawaambieni mapema: sikuja hapa kupiga magoti ili mpate kusema gitaa ni uhuni na dansi ni laana. Nisomeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu kwa lile nililolitenda, si kwa jingine.

Mie ni fundi wa redio, na ni mpiga gitaa. Bendi yetu ilikuwa ya watu watano, na mwimbaji wetu alikuwa Rajabu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, niliyetahiriwa naye siku moja. Mama yake Rajabu amenilisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Alikuwa na watoto wawili tu, Rajabu na mdogo wake Sefu. Sefu aliingia jeshini, wakampeleka ng'ambo, nchi ya Malaya huko Asia, kwenye vita vya msituni.

Gitaa langu nililitia umeme mwenyewe. Amplifaya niliipata kwa mtu aliyekuwa akikodisha mashine za mikutano ya hadhara. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya hotuba. Ukiongea unasikika mpaka barabarani, lakini ukipiga gitaa, masikitiko! Sauti ilikuwa nyembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Kwa asiyejua, ndani ya mashine ile mna valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka kama kaa la moto, ndiyo maana sie mafundi tunaviita taa. Taa ikiwa nzima, sauti inanenepa. Ikichoka, sauti inakonda. Na spika nayo haitoshi peke yake. Boksi unaloifungia ndilo kifua chake.

Nilianza na boksi. La kwanza nilitumia sanduku la majani ya chai, likawa linatetemeka kuliko gitaa lenyewe. La pili seremala wa mtaani kwetu alinipasulia mbao za mninga, nikaziba pande zote, nikafunga spika ya inchi kumi na mbili. Sauti ikawa nzito lakini imekabwa, kama mtu aliyejifunika blanketi. Nikabandua ubao wa nyuma nusu yake. Hapo ndipo lilipopumua. Rajabu alikuwa amekaa kwenye kiti cha holi, tulikofanyia mazoezi, akanyanyuka. Akaniambia kidogo tu, bado kidogo.

Hicho kidogo kilikuwa taa ya mwisho, ile inayoisukuma spika. Ya kwangu ilikuwa imechoka. Nilijaribu ya fundi mwenzangu, ikavuma. Nikajaribu nyingine niliyoitoa kwenye redio kuukuu, ikawa kali, inachoma masikio. Dukani niliambiwa nisubiri meli.

Na hapo holini, ndani ya kabati, ilikuwapo redio kubwa ya umeme. Nyumba zetu nyingi hazikuwa na umeme, kwa hiyo redio ile ndiyo ilikuwa redio ya watu wote. Jioni wazee walikuja kusikiliza habari, na kila Jumamosi saa kumi akina mama walikuja kusikiliza salamu za askari walioko ng'ambo. Mlinzi wa holi, Mzee Chande, alinipa ufunguo wa pili wa kabati mimi peke yangu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikiitengeneza bila malipo.

Taa ya mwisho ya redio ile ilikuwa sawasawa na ninayoitaka. Miguu ile ile, umbo lile lile, tena mpya.

Niliichomoa mchana kweupe. Nikaiweka kwenye amplifaya yangu, na ile yangu iliyochoka nikaichomeka kwenye redio. Nilijiambia ni kuazima tu.

Jamani, sauti niliyoipata! Nilipiga waya mmoja wa chini, nikausikia ukizunguka holi zima ukarudi kunigusa mgongoni. Ulikuwa mnene, wa joto, unaisha taratibu bila kukatika. Rajabu alifunga macho akaanza kuimba bila kuambiwa. Aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia ni boksi.

Jumapili ile alasiri watu walicheza mpaka sakafu ikatoa vumbi. Jumapili iliyofuata walikuja watu wa Kinondoni kutusikiliza, wakatualika kwenye harusi.

Redio nayo ilianza kunong'ona. Wazee wakawa wanaisogelea, mikono nyuma ya masikio. Mzee Chande aliponiuliza nilimwambia ni hali ya hewa, mawimbi hayafiki vizuri msimu huu. Aliniamini. Angeachaje kuniamini?

Kisha ikaja barua ya Sefu. Aliandika kwamba wamerekodiwa sauti zao, na yeye atasikika Jumamosi ya tarehe fulani, saa kumi, mama asikose. Mama Rajabu aliitembeza barua ile nyumba hadi nyumba. Kwangu aliileta pia, nikamsomea kwa mdomo wangu mwenyewe, mara mbili, kwa sababu alitaka kuisikia tena.

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya harusi ya Kinondoni.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana watu wamenitetea kwa kusema nilisahau. Sikusahau. Asubuhi ile niliichomoa taa ya redio kutoka kwenye amplifaya yangu, nikaifunga kwenye leso, nikaenda nayo mpaka holini. Nilisimama mbele ya kabati na ufunguo mkononi. Niliiwasha redio na taa ile iliyochoka, ikanong'ona. Nikajiambia, hata kunong'ona si kunasikika? Wataisogelea. Ilivumilia wiki tatu, haitashindwa siku moja. Nikakumbuka jinsi gitaa lilivyokuwa likilia kabla ya hapo, na watu wapya wa Kinondoni ndio wanatusikia kwa mara ya pili.

Nikafunga kabati. Nikarudi na leso yangu.

Rajabu alikuwa na wasiwasi kuiacha sauti ya ndugu yake, lakini alisema mama atasikia, atamhadithia. Tukaenda Kinondoni wote watano. Baba wa bibi harusi alikuwa amepata injini ya kufua umeme kwa mkandarasi mmoja, tukafunga mashine uani. Saa kumi kamili nilikuwa nikipiga. Nakumbuka niliangalia saa ya bwana mmoja aliyekuwa akicheza karibu yangu, nikageuza uso.

Sitawadanganya. Sijawahi kupiga vizuri kama siku ile.

Tuliporudi, Mama Rajabu alikuwa amekaa barazani, bado amevaa kanga zake mpya. Alieleza kwa utulivu. Waliwahi mapema, akina mama kumi na zaidi. Redio ikanong'ona, wakasikia majina ya askari wawili watatu wa kwanza. Halafu ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Mzee Chande aliipigapiga ubavuni, wapi. Mwalimu mmoja wa Ilala mwenye redio yake alimsikia Sefu, akapita baadaye kumpa maneno: anawasalimu mama na kaka, ni mzima, chakula si kibaya, mvua ya huko haina mwisho. Na mwishoni, mwalimu alisema, Sefu alicheka kidogo kabla ya kukatwa.

Kesho yake niliirudisha taa mahali pake. Redio ikanguruma. Wazee wakanipa mikono, wakaniita daktari. Na mama yule yule akaniletea mkate wa kumimina kwenye sahani yake ya maua, shukrani kwa kuitengeneza, maana huenda Sefu akasikika tena.

Niliula. Naandika hili ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa namna gani. Niliula wote.

Sefu hakusikika tena. Baada ya miezi michache lilikuja gari la serikali na bwana mwenye karatasi. Sefu alikuwa amefariki kwa homa, amezikwa huko huko.

Matanga yakapita. Siku moja Mama Rajabu alikuja dukani kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaangalia redio zilizofunguliwa, nyaya zikining'inia. Kisha akaniuliza, taratibu kama mtu anayeogopa kuonekana mjinga:

"Mwanangu, wewe unazijua hizi. Ile sauti ya siku ile, si iliingia kwenye redio kabla haijazimika? Haikubaki humo ndani? Huwezi kuitoa?"

Nilimwambia redio haiweki sauti, mama, ikipita imepita. Akasema, alah, basi. Akaniomba radhi kwa kunipotezea wakati. Kuniomba radhi mimi!

Alipoondoka nilifunga duka. Nilimtafuta Rajabu nikamweleza kila kitu, tangu kuchomoa mpaka leso. Nilitegemea anipige. Hakunipiga. Aliniuliza swali moja tu, kama taa ile ilikuwa ndani ya mashine wakati yeye anaimba Kinondoni. Nikamwambia ndiyo. Akasema niende nikamwambie mama kwa kinywa changu, na mimi na yeye tusijuane tena.

Nikaenda. Mama Rajabu alikuwa akichambua mchele. Hakuacha kuchambua muda wote niliokuwa nikisema. Nilipofika mwisho nikaongeza maneno ambayo nilidhani yatampoza. Nikasema mama, hata hiyo sauti yenyewe ya gitaa haikuwa kitu, upuuzi mtupu, nimepoteza la maana kwa takataka.

Hapo ndipo alipoweka ungo chini.

"Usinidanganye mara ya pili," aliniambia. "Ilikuwa nzuri?"

Nilijaribu kukwepa. Akarudia.

"Nakuuliza. Umeichukua sauti ya mwanangu ukaifanya sauti yako. Ilikuwa nzuri, haikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, mama."

"Basi usije ukasema mbele ya mtu yeyote kwamba ilikuwa takataka. Sefu wangu sikumkosa kwa takataka."

Akaniambia niende. Hakusema amenisamehe, na mie sikumwomba. Mpaka leo nikipita namwamkia, naye huitikia, basi, hakuna zaidi.

Habari zikaenea. Kamati ya holi ikaniita. Ufunguo niliurudisha kabla hawajauomba. Wakanipiga marufuku kuingia holini, nikakubali, ni haki yao. Mzee Chande hakunitazama usoni, na hilo liliniuma kuliko maneno ya wote. Lakini mmoja wao akasimama akasema mzizi wa yote ni dansi. Akataka niilete mashine yangu na boksi langu vichomwe moto uwanjani, watu waone, iwe funzo.

Nikakataa.

Niliwaambia: mtu ameiba taa, mfungeni mtu. Boksi la mninga halikuiba. Gitaa halikumwambia Mzee Chande uongo wa hali ya hewa. Mdomo wangu ndio uliomwambia. Mkiichoma mashine mtarudi nyumbani mmeridhika, mimi nami nitaridhika, tutasema jini limeungua. Hakuna jini! Nipo mimi tu. Wakanizomea mpaka nje.

Nimelipa vya kutosha. Bendi ilikufa. Rajabu, niliyekua naye, anavuka barabara akiniona. Wateja wa Temeke wamenihama, nimehamia Kinondoni, nimeanza upya. Taa nyingine niliisubiri kwa meli, miezi mitano, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Ilipofika niliifunga. Sauti ikarudi ile ile, nene, ya joto, inayoisha taratibu. Miezi mitano tu! Ndiyo yote niliyotakiwa kuvumilia.

Bado napiga. Kuna wanaosema ningekuwa na haya ningeliacha gitaa. Haya ninayo, nalala nayo na kuamka nayo, lakini gitaa siliachi, na sitasema ile sauti ilikuwa mbaya ili nyie mjisikie vizuri. Mama mwenyewe aliyekoseshwa amenikataza.

Nawe fundi mwenzangu, mpiga muziki mwenzangu, au yeyote uliyepewa ufunguo wa kitu cha watu: tafuta sauti yako, itafute kwa nguvu zako zote, asikutishe mtu. Badilisha taa, pasua mbao, toboa maboksi mpaka majirani wachoke. Lakini kila unachokichomeka kiwe chako. Na kama leo kuna kitu cha watu kimefungwa kwenye leso yako, usimalize hata kulisoma gazeti hili. Nenda ukakirudishe sasa hivi, maana kuna mtu amevaa kanga mpya, yuko njiani kwenda kukaa mbele yake.