Gunvor na Simu Isiyopokelewa

Gunvor Stenvall alipeleka barua kijijini Granliden tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo gari la posta halikupata hata mchubuko. Hakutaka mtu asahau. Ukimkaribisha kahawa, atakusimulia. Usipomkaribisha, atapita kuuliza kulikoni, kisha atakusimulia mlangoni.

Basi mjukuu wake Tindra alipotimiza miaka kumi na tano na kupata epa, bibi alikosa usingizi. Epa ni gari kuukuu lililofungwa mwendo lisizidi kilomita thelathini kwa saa, na nyuma lina pembetatu nyekundu ya kuwaomba wengine uvumilivu. Watoto wa huku ndilo wanaloanzia. La Tindra lilikuwa la rangi ya waridi, na muziki wake ulitikisa vikombe vya watu kabatini.

Mwendo haukumtisha Gunvor. Kwa mwendo ule hata mwenye baiskeli na haraka zake angeweza kupita. Kilichomtisha ni simu. Alikuwa akiwaona vijana siku za Ijumaa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu, vichwa vimeinama kama wanaosali. Na kulungu wa misitu yetu ni mkubwa kuliko farasi, tena akivuka barabara haangalii kushoto wala kulia.

"Sikiliza, binti," alimwambia. "Simu ikilia ukiwa unaendesha, usiiguse. Hata akipiga mfalme."

"Mfalme hana namba yangu, bibi."

"Usinijibu hivyo. Nimesema usiiguse."

"Haya. Nikiendesha naitia kwenye sanduku la vifaa kule nyuma. Umeridhika?"

Hakuridhika. Kuridhika hakukuwa tabia yake.

Ijumaa moja ya Septemba, Tindra alikwenda mjini mazoezini. Ulipofika wakati wa kurudi, Gunvor akaona amjaribu. Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Mtoto ana adabu, akajisemea, akaendelea kumenya viazi. Kabla hajafika kiazi cha tatu, wazo likamwingia: je, kama hapokei kwa sababu hawezi kupokea?

Akapiga tena. Kimya. Akapiga tena. Kila simu isiyopokelewa ilimfurahisha kidogo na kumwogopesha sana. Viazi vilichemka mpaka vikawa uji, na yeye tayari alikuwa ameshaliona lile gari la waridi mtaroni, magurudumu juu, muziki bado unapiga. Akazima jiko, akanyakua funguo, akatoka na aproni yake.

Barabara ile aliijua kuliko kiganja chake, na pengine ndiyo maana hakuona haja ya kuitazama. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine simu. Macho yalikwenda kwenye simu kuona kama inaita, yakarudi barabarani, yakaenda tena. Sasa, kwenye njia panda ya kwa jirani yetu Rune, masanduku ya barua ya kijiji kizima yamepangwa kando ya barabara juu ya ubao mmoja mrefu. Gunvor aliyakumba yote. Gari liliposimama, sanduku la Rune lilikuwa juu ya boneti, na gazeti la Rune ndani yake.

Rune mwenyewe alitoka na ndara zake, akayatazama masanduku. Si msemaji, lakini siku hiyo maneno yalimjia.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unatuletea barua, Gunvor," alisema. "Leo umefuata na masanduku?"

Hapo muziki ukasikika unakaribia. Kwenye kona likatokea lile epa la waridi, taratibu, na nyuma yake msururu wa magari ya watu waliotaka chakula chao cha jioni. Tindra akasimama, akaruka chini.

"Bibi, umeumia?"

"Sijaumia. Mbona hupokei simu?"

"Si nilikuwa naendesha."

"Nimepiga mpaka kidole kimechoka!"

Tindra akatazama masanduku yaliyolala, kisha simu mkononi mwa bibi yake. Ilikuwa bado inaita. Na ndani ya sanduku la vifaa, nyuma ya epa, kitu kilikuwa kinalia.

"Ulikuwa unampigia nani, bibi?"

"Wewe."

"Huku unaendesha?"

Gunvor akafungua kinywa kuleta habari za gari la posta. Badala yake akakaa kwenye nyasi katikati ya barua za watu, akalia mbele ya msururu mzima wa magari.

"Nilidhani umekufa, mwanangu," alisema.

Mtu nyuma akapiga honi. Rune akaenda kumwambia azime gari lake na atulie. Tindra akakaa kwenye nyasi, akamzungushia bibi yake mkono.

"Nisipopokea ndio niko salama," alisema. "Ujue naendesha. Ujue nakuja."

Ijumaa iliyofuata Gunvor alikaa jikoni ameikalia mikono yake yote miwili. Anasema hakuna kazi iliyowahi kumtoa jasho namna ile, si theluji wala mbwa wa watu. Giza likaanza kuingia. Simu ikabaki kimya mezani. Anakuja, akajiambia, akainuka kutoa sahani mbili.