Maziwa ya Jioni

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye kibanda cha kuuzia uniti za simu, hapa kwetu mtaa wa Saio, na kabla umande haujakauka watu walikuwa wamekwisha kulikasirikia. Tajiri wa mtaa, mwenye nyumba ya ghorofa yenye vioo vya buluu na ng'ombe wengi nje ya mji, alitafuta mwalimu wa kuwafundisha watoto wake watatu nyumbani. Awe na shahada, Kifaransa safi, adabu na uvumilivu. Mshahara haukutosha gunia la makaa. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: aje na chaki zake.

Mshahara watu wangeumeza. Chaki iliwakwama kooni. Dereva mmoja wa pikipiki alizima injini ili akasirike vizuri. Alisoma hadi mwisho, akaitazama ile ghorofa, akasema kwa upole, "Nyumba iko na étage, lakini chaki haiko." Muuza mandazi akaacha mafuta yaungue. Ikaamuliwa palepale kwamba atakayekwenda kuomba kazi ile atakuwa ametuuza sote.

Nilipiga makofi kuliko wote, kisha nikamkumbuka yaya, dada yangu mkubwa. Shahada anayo, na alikuwa amekaa nyumbani tangu shule yake ifungwe. Mjomba wa Mambasa, mbali msituni, alikuwa ametuma habari: kama mvua zitaanza bado hana kazi, aende akamlindie ghala la mbao. Yaya hakutaka mbao. Nami nilikuwa naandika riwaya, na katika Bunia nzima msomaji wangu alikuwa yeye. Akienda, riwaya ingebaki yatima.

Basi alikwenda kuomba ile kazi. Nilimsindikiza, kofia nimeishusha hadi puani.

Tulimkuta tajiri barazani. Kando yake mama yake mzazi alikuwa akipokea madumu ya maziwa kutoka kwa mchungaji wa ng'ombe, na watoto watatu walikuwa juu ya ukuta wa lupango, wakijiandaa kuruka. Tajiri alitueleza kwa sauti tamu kwamba kufundisha ni wito, na kwamba fedha huharibu mapenzi ya kazi. Nyuma yake magari yake mawili yalisikiliza kwa utulivu.

Yaya alimgeukia yule mama, akamwuliza kwa heshima mchungaji wao wanamlipaje.

Kikongwe alifurahi kuulizwa jambo la maana. Maziwa ya jioni ni yake, alisema, tangu enzi za baba mkwe. Na mwaka ukienda vizuri, anapewa ndama jike. Ukimnyima mchungaji haki yake ng'ombe wanajua, na wanakauka.

"Basi, mama," yaya akasema, "miye nitachunga batoto tatu. Na hawa banaruka lupango kuliko ngombe."

Mtoto wa kwanza akaanguka upande wa pili wa ukuta, kana kwamba ameitwa kutoa ushahidi.

Mama mzee aliweka dumu chini, akamtazama mwanawe. "Ngombe unachungisha na maziwa. Bajukuu bangu unataka bachungwe na chaki?"

Tajiri alijaribu kucheka. "Mama, batoto habatoe maziwa."

"Hata weye haukutoa. Na nilikulisha."

Mchungaji aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Tuliondoka na mshahara wa mtu mzima, dumu la kwanza la maziwa ya jioni na ahadi ya ndama. Chaki ikawa juu ya mwenye nyumba.

Pale kibandani hasira ilikuwa bado imesimama kwa miguu yake. Haikuwa hasira ya malipo madogo tu: jirani yetu mjane humpa binti anayemchotea maji sahani ya maharage tu, na sijawahi kusikia mtu akinung'unika, maana wanakula chungu kimoja. Tajiri huyu sufuria yake imejaa. Anakuita, anakukwangulia ukoko, na ukoko huo anauita wito. Nadhani ndicho kilichozima injini ya yule dereva. Alipoliona dumu na kusimuliwa habari, alifikiri kidogo. "Yaya," akasema, "hao batoto hawahitaji mwalimu wa pikipiki?"

Jioni hiyo yaya alisoma sura yangu ya tatu. Nilimwuliza imekuwaje. Alifunga karatasi, akavuta kikombe changu cha maziwa ya jioni upande wake, akakinywa chote bila haraka.

"Sasa uliza tena," akasema.