Vikombe Vilivyofunikwa

Mgeni ni kuku mweupe, na kuku mweupe aliyekuja na vyeti vya saikolojia huonekana hata na vipofu. Nilivuka mpaka kutoka Goma nikahamia Nengo miaka ile ya mwisho ya tisini, na binti yangu mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno. Mume wangu alibaki ng'ambo ya mpaka na duka lake, akija Jumamosi. Mimi nilifundisha vijana waliokuwa wakisomea ualimu wa shule ya msingi.

Somo langu lilikuwa jinsi maadili yanavyokua ndani ya mtu, nami nilikuwa na ngazi zangu tatu nilizozipenda mno. Kwanza, niliwaambia, mtoto huogopa fimbo. Halafu huogopa macho ya watu. Mwisho, akikomaa, hujiogopa mwenyewe, na hapo hata asipoonekana na mtu hatendi ubaya. Nilisema hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufika juu na sasa anawapungia mkono walio chini.

Bila jirani yangu nisingefundisha hata siku moja. Yeye ndiye aliyenishikia binti kila asubuhi, akimlisha pamoja na wake. Alipojifungua tukaelewana kwamba nitasubiri mpaka mtoto apewe jina, kisha atampokea tena binti yangu. Siku ya jina ilipofika nikajiambia mkono mtupu haulambwi. Nikanunua ndizi mbivu katika soko la Mahoko, nikazikamua mwenyewe kwa majani mpaka mikono ikaniuma, nikapata mutobe mtamu ajabu, maana ndivyo wanavyoiita huko juisi ya ndizi. Nikaumimina katika vikombe jikoni kwangu, nikavipanga kwenye sinia, nikavifunika kwa kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu. Nilijiona bibi wa heshima kweli kweli.

Kwetu Goma wageni tuliwapa vya chupa, na chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji. Adabu hiyo niliijua, na sababu yake pia, kwamba watu wanaogopa sumu. Lakini kinywaji cha kukamuliwa sikuwahi kumpelekea mtu. Kwamba anayekileta hukionja kwanza mbele ya wote, ndipo wengine wanywe, hilo halikunipitia akilini.

Kwa jirani, wanawake waliokuja kwenye sherehe walipokea kila mmoja kikombe chake kwa mikono miwili, wakashukuru, wakakiweka chini karibu na miguu. Nikasimama na sinia langu tupu nikitabasamu, nikingoja kusifiwa.

"Mwalimu," akasema bibi mmoja, mama mkwe wa jirani yangu, taratibu kabisa, "na kikombe yako iko wapi?"

Yule mama alikuwa ananirushia kamba. Sasa najua. Angeweza kunyamaza.

"Mukunywe tu, mama," nikajibu kwa furaha. "Mi nilisha kunywa kule kwa nyumba."

Hakuna aliyenyanyua mkono. Watoto waliokuwa wakimtajia mama mzazi majina waliyomchagulia mdogo wao walikuwa wanacheka, na mmoja wao, msichana mwenye kiu, akakinyooshea kikombe mkono. Mama yake akampiga kofi la mkononi, akamvuta kwake. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikainama, nikakitwaa kikombe kilichokuwa karibu, nikakimaliza, nikatwaa cha pili, mutobe ukinichuruzika kidevuni na kuniharibia nguo. Nikatazama juu. Nyuso zilikuwa zinaniambia kwamba mwenye kutia sumu anajua vizuri ni vikombe gani visivyo nayo.

"Bon," akasema jirani yangu bila kunitazama, "tutaikunywa nyuma ya chakula, Mwalimu. Asante sana."

Kesho yake asubuhi nilimbeba binti mpaka kwenye ua wake. Chini ya mgomba udongo ulikuwa umelowa, na nyuki walikuwa wamejaa. Akatoka mlangoni, akasimama palepale.

"Leo siko muzima, Mwalimu. Mutoto umupeleke na we ku kazi."

Nikampeleka. Siku ile nilifundisha ngazi zangu binti akiwa ameketi chini ya meza yangu, nami sikuthubutu kuwatazama wanafunzi usoni. Sikuwa nimemtendea mtu ubaya. Nafsi yangu ilikuwa safi kama maji ya tatu ya kuoshea mchele, na bado niliona haya kama mwizi aliyefumaniwa. Nikajua niko ngazi ya pili, na kwamba huenda nimeishi hapo maisha yangu yote. Niliona haya hata ya kuona haya.

Basi nikajirekebisha, tena kwa ukali. Nilipopeleka uji nilikunywa kwanza, kwa sauti, watu wasikie. Nilipogawa ndizi nilimega yangu mbele yao. Hata maji ya kunywa, mtu akiniomba, nilipiga funda moja kisha nikampa, nikimtazama machoni. Nilifanya hivyo nyumbani na barabarani, kwa wakubwa na kwa wadogo, mpaka mkono ukazoea kunitangulia. Majirani wakalegea. Baada ya mvua za masika jirani yangu alimpokea tena binti yangu, akanichekea, na kikombe changu akakinywa mpaka chini. Nilishukuru, na nikajiona nimeshinda.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni jua likiwa kali, nikajitupa kwenye kiti. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa anasema sana, akaenda kwenye mtungi bila kutumwa, akachota maji kwa kikombe chake kidogo. Akaja nayo polepole asiyamwage. Alipofika mbele yangu akasimama, akayanyanyua kinywani mwake, akapiga funda moja, akanionyesha ulimi, kisha akaninyooshea.

"Mbona umeonja, mwanangu?"

"Juu ya we usiniogope, mama."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikakiweka chini, nikamvuta kwangu.