Pua Iliyotangulia Kufa

Mimi sikutaka kuandika haya. Muuguzi wa kliniki ya watoto amenisumbua wiki tatu: "Bibi, andika, kina mama wasomewe." Nikamwambia herufi nilijifunza uzeeni, naziokota moja moja kama mawe kwenye mchele. Akasema basi ziokote hivyo hivyo. Haya, naokota. Atakayecheka mwandiko aje aandike yeye.

Miaka thelathini na moja nilichagua nafaka kwenye ghala la kinu cha unga. Tulikaa wanawake kumi na wawili kwenye benchi refu, ungo mapajani. Gunia likifunguliwa tu, mimi nimeshalihukumu. Natia kiganja, nanusa, nasema "rudisha", na linarudishwa, hata kama mwenye nalo ni rafiki wa meneja. Waliniita Mama Pua. Wengine walisema kwa dhihaka, lakini jina nililivaa kama nguo ya harusi.

Nyumbani niliendelea vile vile. Nanunua mahindi wakati wa mavuno, gunia zima, nalisimamisha chini ya ngazi, nasaga kidogo kidogo. Na chakula situpi. Kutupa chakula ni kumtukana aliyelima. Hilo silifuti mpaka leo.

Ubaya ulianza siku maharage yalipoungua. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka jikoni, nashona kifungo. Mkamwana wangu akaingia mbio, moshi umetanda mpaka darini.

"Mama! Husikii harufu?"

"Nasikia. Nilikuwa nakuja."

Uongo. Sikusikia kitu. Nilingoja aende uani, nikafungua chupa ya siki nikaiweka puani. Ikaniwasha, basi, harufu hakuna. Nikakata kitunguu. Macho yakalia, pua ikakaa kimya. Mama Pua bila pua ni nani? Nikafunga mdomo wangu, nikaufunga mwaka mzima.

Mvua za mwaka huo zilizidi, maji yakapenya ukutani chini ya ngazi. Nilipoligusa gunia, upande wa nyuma ulikuwa na unyevu. Nikamwaga mahindi, nikayaanika juani siku mbili, nikapepeta, nikasaga. Chenga nikawapa kuku. Nilijisifu moyoni kwamba sijapoteza hata punje.

Mkamwana akaonja uji, akaweka kikombe chini.

"Mama, unga huu unanuka kama godoro lililolowa."

"Pua yako imezoea manukato."

"Na una uchungu. Tuutupe, nitaleta mwingine."

"Utupe! Mimi nimechagua nafaka kabla mama yako hajaota meno. Leo wewe unifundishe kunusa?"

Akainama. "Haya mama. Lakini mimi sinywi, na mtoto asinywe."

Mtoto ni mjukuu wangu, miaka miwili na nusu. Tunamwita Kijiko, maana kijiko hakimtoki mkononi hata akilala. Mama yake akawa anamwachia viazi na maziwa, kisha anakwenda zake kazini, kwenye karakana ya kushona sare. Mchana kutwa mtoto alikuwa wangu. Na mimi, kwa ukaidi, nilimpa uji ule. Anamaliza, anagonga kikombe: "Bibi, ongeza." Namwongeza.

Kuku wawili wakafa. Nikasema ni kideri. Wa tatu akafa. Nilimzika nyuma ya choo kabla mkamwana hajarudi. Usiniulize kwa nini nilimficha kuku kama nilikuwa sijui kitu.

Siku ya tisa ya uji ule, Kijiko alikiacha kijiko. Kilianguka sakafuni na hakukitazama. Alitapika, akashika tumbo, akalala ubavu. Kesho yake asubuhi mama yake alimbeba mpaka dirishani, akapiga ukelele. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

Hospitali, daktari aliuliza, "Amekula nini wiki hizi mbili?"

"Viazi," mkamwana akajibu. "Maziwa, ndizi, maharage. Nampikia mwenyewe."

Daktari akakuna kidevu. "Ini limeumia. Nisipojua chanzo, napapasa tu. Fikirini vizuri."

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitatoka pale si Mama Pua tena, ni kikongwe aliyemlisha mjukuu wake sumu. Nikiyameza maneno, labda mtoto atapona mwenyewe. Labda. Kijiko akaguna usingizini, mkono wake ukafumba kitu ambacho hakikuwepo.

"Nimempa uji," nikasema. "Kila siku. Na mimi sinusi. Mwaka sasa sinusi kitu."

Mkamwana aligeuka taratibu. "Unga ule?"

"Ule."

Daktari alituma mtu alete unga ule kutoka nyumbani. Akasema inaonekana ni sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka. Jua haliiondoi. Kuosha hakuiondoi, wala moto wa jikoni. Ukishaanika, punje zinaonekana safi na sumu imo ndani.

Tulikaa hospitali siku kumi na moja. Mkamwana hakusema nami siku nne. Siku ya tano alinipa nusu ya chungwa lake, akasema, "Mama, ungeniambia tu. Ningekuwa pua yako." Chungwa lile sikuweza kulimeza.

Kijiko yuko nyumbani, kijiko kimerudi mkononi. Lakini daktari amesema ini lake litachunguzwa kwa miaka. Kila kunapokucha namvuta dirishani, nainua kope lake, naangalia weupe. Naogopa. Nitaogopa mpaka mnizike.

Gunia zima sinunui tena. Nanunua kidogo, naweka juu ya mbao, mbali na ukuta, na mkamwana ananusa kabla sijasaga.

Sasa wewe uliyesomewa, simama. Nenda kwenye gunia lako, utie mkono mpaka chini, upande wa ukutani. Ukikuta unyevu, ukungu au uchungu, usimpe mtu, usimpe hata kuku. Kisha mwite mwenzako anuse, hata akiwa mkwe usiyempenda. Jumanne mimi nakaa hapa kliniki, benchi la kwanza. Njoo uniambie ulichokuta. Usipokuja nitakuja kwako mwenyewe, na nitakuja na mkamwana wangu.