Jina Tulilompa Mama wa Baray

Jumatatu nilipanga foleni kwenye duka la dawa za mifugo, Karatu mjini. Mbele yangu alisimama mama wa Kidatoga aliyetoka Baray kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi. Bangili zake za shaba zililia kila aliponyoosha mkono kuonyesha chupa.

"We Mang'ati, sogea, unatuchelewesha!" akasema jamaa mmoja nyuma yangu. Tukacheka.

Mama akageuka taratibu. "Mimi ni Mdatoga, mwanangu."

"Mang'ati ni Mang'ati tu!"

Vicheko vikazidi. Mama hakusogea. Jamaa akanipita, akamvuta shuka kwa nguvu, na yule mama akaanguka, paji la uso likagonga kona ya kaunta. Damu ikamchuruzika hadi shingoni.

Mwenye duka akaruka kaunta na kitambaa. "Umempiga mama wa watu!"

"Sijampiga. Nimemsogeza tu."

Mlinzi wa duka, kijana wa Kimasai, akamshika jamaa mkono. "Kaka, hilo neno ulilomwita ni la kwetu. Unajua maana yake?"

"Si kabila lake?"

"Maana yake adui."

Jamaa akautazama mkono wake kama vile ameuazima.

Tunapenda kuuliza ngumi imetoka wapi. Jamani, ilikuwa nasi kwenye foleni tangu asubuhi, ikisubiri zamu yake.

Mimi, kwa kweli, yule mama sikumgusa. Nilicheka tu.