Mashine Iliyofundishwa kwa Hofu

Noëlla Kabamba hakuwa mtu wa kununa. Wako watu ambao wakikasirika hunyamaza siku nzima wakingoja wabembelezwe. Noëlla alikasirika hapo hapo, kwa sauti, mbele ya kila mtu, na jambo likiisha alikula chakula chake vizuri. Mlinzi wa getini akisikia mlango wa ofisi unabamizwa alisema tu, "Leo kuko muntu alimugusa mama Noëlla," akaendelea kunywa chai yake. Kwa hiyo siku ile alipotoka mkutanoni kimya kimya na kwenda kusimama peke yake nyuma ya karakana, wenzake walijua hili si dogo.

Malori ya kampuni yao yalibeba shaba kutoka upande wa Kingamyambo, yakakata mji wa Kolwezi katikati, yakashika barabara ya Fungurume. Noëlla alikuwa amesomea kompyuta Lubumbashi, na wazazi wake, watu wa Manono, walichokijua ni kwamba binti yao anafundisha mashine. Walilisema hilo kanisani kwa maringo kana kwamba amefungua shule. Na kusema kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila lori lilifungwa kisanduku cheusi kilichotuma habari bila kuchoka: niko hapa, naenda kasi hii. Habari za malori yote, za miezi, zilimiminwa kwenye kompyuta, na kompyuta ikajifunza tabia ya kila kipande cha barabara: sokoni asubuhi kukoje, penye mzunguko jioni kukoje, mvua ikinyesha inakuwaje. Baada ya hapo ikawa inatabiri kasi ya kesho. Mama muuza nyanya naye hujua saa ya wateja kujaa kwa kukaa sokoni miaka mingi. Ila yule mama akiona ajabu atauliza. Mashine haiulizi, inameza tu.

Na hii ilikuwa imemeza mabaya. Noëlla alianza kushtuka alipoona inasema lori lililojaa shaba litapita mbele ya shule, saa ya watoto kuingia, kwa kasi ya gari dogo linalokwenda harusini. Akamwendea tata Kazadi, dereva wa umri wa baba yake, akamwuliza ni nini hiki. Kazadi alicheka, lakini hakuwa na furaha.

"Mama, ile miezi mulikuwa munafunga tule tu-boîte tweusi mu magari, mulituambia nini? Hamukutuambia kintu. Na ni ile miezi Directeur alisema atapunguza bantu. Njo shiye bote tulisema: kale ka-boîte kanachagua benye kubakia. Mwenye kwenda polepole, aende kwabo. Tulikimbiza magari sawa bazimu, mama. Hata mi, na huu uzee wangu."

Damu ilimpanda Noëlla hadi masikioni. Kumbe walimu wa mashine yake walikuwa watu wanaoogopa kufukuzwa, na hofu yao ndiyo iliyogeuka kuwa mwendo wa kawaida wa mji mzima! Alijikasirikia na yeye pia, kwa kukaa kwenye kiyoyozi asiwaambie madereva hata neno moja. Lakini hasira hiyo hakuishikilia sana, maana alikuwapo mwingine aliyeistahili zaidi.

Huyo alikuwa Directeur Rémy, mkuu wa kampuni. Mkutanoni asubuhi ile alikuwa ametangaza, akitabasamu kama anayegawa zawadi, kwamba utabiri wa mashine sasa ni sheria. Dereva atakayeshindwa kufikia kasi iliyotabiriwa mara tatu atashuka usukani moja kwa moja. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu Mbuyi, dereva mwenzao, amgonge mwenye pikipiki karibu na soko akiikimbilia kasi ambayo mashine ilikuwa imeshaanza kuwaonyesha madereva; mwenye pikipiki yuko hospitali, Mbuyi yuko ndani. Na kwa hesabu ya mashine Kazadi alikuwa ameshaishindwa mara mbili. Ya tatu ingemtoa.

Noëlla alisimama akaeleza yote, habari za visanduku na habari za hofu. Rémy alimsikiliza huku akiangalia simu.

"Mama Noëlla, ni weye mwenyewe ulituambia hii mashini haikosake."

"Nilisema inajifunza! Inarudilia yenye balifundisha. Balifundisha bibaya!"

"Bon. Tupite ku ingine."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumpendeza mkubwa. Hapo ndipo alipotoka akaenda nyuma ya karakana. Alisimama pale akiitazama minyororo na matairi mabovu, akimwona mawazoni tata Kazadi amekaa nyumbani kwake mchana, hana pa kwenda, kwa sababu ya kitu alichokitengeneza yeye. Aliporudi, watu walikuwa bado wanakusanya vitu vyao.

"Directeur," alisema, na mara hii kila mtu alisikia. "Kesho asubuhi panda mu gari ya tata Kazadi. Akufikishe ku barabara ya Fungurume na ile kasi ya mashini. Kama haikosake, utaogopa nini?"

Rémy aliwaangalia watu, na watu walikuwa wanamwangalia yeye. Akasema hana shida, atapanda.

Asubuhi alikuja na shati jeupe. Akaketi kiti cha abiria, Noëlla akajibanza kwenye kitanda nyuma ya viti. Mbele ya dereva palikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha kasi inayotakiwa, na taa iliyowaka nyekundu ukienda chini yake.

"Directeur, niheshimu mashini?" Kazadi aliuliza.

"Uiheshimu."

Kazadi akaiheshimu. Lori likanguruma, mzigo ukalisukuma kwa nyuma, na mji ukaanza kuwajia mbiombio. Pikipiki ziliruka pembeni. Mama mmoja mwenye beseni la mikate kichwani alijitupa kwenye mtaro, beseni likaenda zake. Walipoanza kuona sare za watoto wa shule, nyeupe na buluu, kundi zima ukingoni mwa lami, Rémy alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Punguza! Kazadi, punguza, unaona batoto!"

Kazadi akapunguza. Taa ikawaka nyekundu.

"Punguza tena! Tena!"

Wakapita shuleni kwa mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli. Wakapita soko hivyo hivyo, na taa haikuzimika hadi mwisho wa mji. Walipofika barabara ya Fungurume Kazadi alisimamisha lori. Rémy alishuka shati limemganda mgongoni, akaita gari la kampuni limrudishe. Noëlla alirudi naye katika gari hilo, na kwa mara ya kwanza siku hizo moyo wake ulitulia. Alidhani mambo yameisha.

Mchana jina la Kazadi lilitokea kwenye kompyuta kwa rangi nyekundu. Mara ya tatu. Noëlla alikimbia kwa Directeur bila kubisha hodi.

"Ondoa," alisema.

"Sheria ni sheria, mama."

"Ni weye ulipiga kelele: punguza! Nilikuwa pale!"

"Mi nilikuwa passager," Rémy alijibu, hata hakuinua macho. "Chauffeur ni yeye."

Noëlla hakupiga kelele. Hakuubamiza mlango pia, na mlinzi baadaye alisema hilo ndilo lililomtisha. Alirudi mezani kwake, akafuta mafunzo yote ya zamani, miezi yote ya watu wanaokimbia wasifukuzwe, na akaiachia mashine safari moja tu ya kujifunzia, ile ya asubuhi, kuanzia pale Rémy alipolia punguza. Jioni Rémy alikuja mbio. Lile jina jekundu halikuwapo, maana kwa kasi mpya Kazadi hakuwa amechelewa. Mji mzima sasa ulitabiriwa kwenda polepole.

"Nani alichezea mashini?"

"Hakuna. Nimeifundisha upya." Noëlla alimgeuzia kompyuta aione. "Hii njo kasi yako, Directeur, yenye ulitaka wakati weye mwenyewe uko ndani. Ya Mbuyi haikukuumiza. Ya batoto ba bantu, kila siku, haikukuumiza. Ni ngozi yako tu njo ulisikia. Kama unaona hii kasi ni kidogo, panda tena kesho, utuonyeshe ingine. Tata Kazadi atakungoja."

Ofisi nzima iliacha kazi. Rémy aligeuka, akaenda.

Asubuhi iliyofuata Kazadi alipanda lori lake, akaliwasha, akangoja na mlango wa abiria ukiwa wazi. Alingoja mpaka mlinzi akafungua geti na malori ya nyuma yakaanza kupiga honi. Hakuna aliyekuja. Akaufunga ule mlango, akaingia mjini polepole.